Wakaguzi wa Miba

Siku ya kwanza mzee alipowapikia watoto samaki, samaki ishirini na wawili walitoka jikoni na ishirini na mmoja wakarudi. Walirudi wazima, vichwa mahali pake, mikia juu, kama watu waliokwenda kutembea tu na kukuta wenyeji hawapo. Huyo mmoja ambaye hakurudi mzima ndiye aliyeleta balaa.

Tumtendee haki mzee wa watu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewapikia mafundi wa ujenzi, watu wa saruji na nondo, wenye njaa ya kutaka kula na sahani yenyewe. Kwa watu wale, samaki asiye na kichwa ni matusi. Fundi akikuta kichwa cha samaki wake hakipo atauliza nani amekila, na atauliza huku ameshika nyundo. Basi mzee akaijua kazi hivyo: samaki mzima, aliyekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kwa mlio, kichwa kimeelekezwa kwa mlaji. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Alipoachana na majengo akapata kazi katika jiko la chekechea, mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwake, hakuona kwa nini watoto wanyimwe heshima hiyo.

Watoto walimwita Babu Sufuria. Sufuria lake kubwa, alilokuja nalo kutoka kwenye ujenzi, lilikuwa na nafasi ya kumficha mtoto wa miaka mitano, na wiki ya kwanza tu lilimficha mmoja, mwalimu akamtafuta mpaka chooni.

Jumatano hiyo ya samaki, watoto waliziinamia sahani zao, wakarudisha viti nyuma. Kisha mvulana mmoja akauliza, "Babu, mbona ananiangalia?"

"Anakusalimia," alisema mzee kwa furaha.

Mvulana hakutaka kusalimiwa. Mwenzake akachukua kipande cha tango akalifunika jicho la samaki wake. Wa tatu akaanza kulia, na kilio cha chekechea kinaambukiza kuliko mafua. Kufumba na kufumbua, meza mbili zilikuwa zinalia na ya tatu inajiandaa.

Aliyekula alikuwa Kipengo peke yake. Huyu alikuwa msichana wa miaka mitano, aliyeitwa hivyo tangu alipokosana na bembea na kuachiwa pengo mahali pa jino la mbele. Alikuwa rafiki wa mzee. Kila asubuhi alipita dirishani pa jiko, "Shikamoo Babu, leo tunakula nini?" hata kabla hajaitikiwa. Alipoona sahani zote zimesusiwa, alimhurumia mzee, na akala kwa niaba ya darasa zima. Akala harakaharaka, mashavu yamejaa, na mwiba ukamkwama kooni.

Mwalimu Mkuu alifika kabla mzee hajajua mkono upi utangulie. Akamwinamisha mtoto, akampiga mgongoni mara tatu, na mwiba ukatoka pamoja na chozi na kohozi. Jambo lote halikufika dakika moja, lakini ndani ya dakika hiyo roho ilimtoka mzee na ikachelewa kurudi. Kipengo alijifuta, akanywa maji, akamtazama mzee kwa macho mekundu.

"Sili samaki tena," alisema. "Mpaka nikue. Na nikikua pia sili."

Jikoni palikuwa na ubao mweusi wenye chakula cha wiki nzima. Mwalimu Mkuu, mwanamke mfupi ambaye hajawahi kuhitaji kupaza sauti, alichukua kifutio, akafuta neno Samaki mbele ya Jumatano, akaandika Maharage.

"Mwalimu," alisema mzee, "nipe nafasi moja tu."

"Mzee wangu, hawa si mafundi wako."

"Najua."

"Ungejua usingewapa vichwa."

Mzee alisimama tu akiikunjakunja aproni yake kama mtoto aliyeitwa ofisini. Mwalimu Mkuu akapumua.

"Nakupa Jumatano ijayo. Mtoto hata mmoja akilia, basi. Mwiba hata mmoja ukiingia mdomoni mwa mtoto, basi. Na nataka nimwone Kipengo anakula mwenyewe, bila kubembelezwa. Likikosekana moja kati ya haya, samaki haingii tena hapa maadamu funguo ninazo mimi."

Mtu mwingine angeshukuru kuondolewa kazi ya kupaa magamba, akapika maharage yake na kulala usingizi mnono. Mzee hakuweza. Alikuwa amelelewa na mama ambaye hakuwahi kuanza kula kabla hajamchambulia mwanawe samaki. Wakikaa chini, sahani moja kati yao, vidole vya mama vinapita ndani ya minofu polepole, vinatoa mwiba mmoja baada ya mwingine, kisha vinamsogezea vipande vyeupe. "Kula, nimekuchambulia." Katika maisha yake yote, mzee hakuwahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo, na mkewe alilijua hilo na alishasamehe. Sasa duniani kulikuwa na mtoto anayemwogopa samaki, na aliyemtia hofu hiyo alikuwa yeye. Lilimuuma vibaya sana. Alijiambia waziwazi kwamba Kipengo asipokula, atairudisha aproni na kutafuta jengo lingine, maana hafai kupikia watoto.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa dirishani, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Alipomaliza kusikiliza habari ya samaki ishirini na wawili, aliinamia cherehani na kucheka mpaka mabega yakatikisika.

"Yaani uliwapangia vichwa viwatazame?"

"Ni heshima!"

"Watoto wa miaka mitano, mzee! Wewe mwenyewe nikikuwekea kitu chenye macho kabla ya saa mbili asubuhi unashtuka."

Alipokwisha kucheka aliinuka, akafunga kitambaa kichwani, na wote wawili wakaingia jikoni. Waliamua kutengeneza katlesi. Ijumaa jioni mzee alichemsha samaki kwa maji ya ndimu na chumvi kidogo, akamchambua kwa vidole, akamchanganya na viazi vilivyopondwa, kitunguu, yai, na kwa sababu mkono una mazoea yake, pilipili tatu za mafundi. Mkewe alionja, akatembea mpaka kwenye mtungi wa maji, akanywa vikombe viwili.

"Hii," alisema alipopata sauti, "ni ya kulisha watoto au ya kuamsha maiti?"

Za Jumamosi zilipasuka ndani ya mafuta zikawa uji. Jumapili mzee aliongeza chenga za mkate mkavu, akaziviringisha ndogondogo za kuenea kwenye kiganja cha mtoto, akazipumzisha mahali pa baridi kabla ya kuzikaanga. Zilitoka rangi ya asali, ngozi inavunjika kidogo, ndani laini. Mkewe alikula nne akiwa amesimama. Mzee akaonyesha meno yote thelathini na mawili, au yale yaliyobaki.

Basi angengoja Jumatano. Lakini furaha ilimzidi. Jumatatu, siku ya viazi, alifika alfajiri na samaki wake kwenye kikapu, akapika katlesi, akazipeleka mezani bila kusema neno.

"Hii nini, Babu?" aliuliza Kipengo, kijiko hewani.

"Viazi," alisema mzee.

Haukuwa uongo kamili, alijiambia. Ulikuwa ukweli uliopungua kidogo. Kipengo akauma, akatafuna, akafumba macho. Akala ya pili. Akala ya tatu. Sahani zikarudi nyeupe, nyingine zimelambwa, na mzee akaziosha huku akiimba kwa sauti iliyofanya paka wa jirani aondoke ukutani.

Watoto walipoamka kutoka usingizi wa mchana, Kipengo alikuja mlangoni pa jiko, nywele zimelala upande mmoja, kuomba katlesi ya nne. Kwenye beseni, chini ya meza, kwenye kimo chake hasa, palikuwa na vichwa vinne vya samaki. Vilimtazama. Naye akavitazama kwa muda.

"Babu," aliuliza, "miili yao iko wapi?"

Mzee alilisukuma beseni kwa mguu, lakini alikwisha kuchelewa.

Kipengo alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. "Ulisema viazi," alisema, akageuka, akaondoka polepole akiwa bado ameshika tumbo, na mzee akabaki na mwiko mkononi, aibu imempanda mpaka masikioni.

Habari katika chekechea hazihitaji gazeti. Jumanne asubuhi darasa zima lilikuwa linajua kwamba Babu Sufuria anaficha samaki ndani ya vitu. Hakupata salamu dirishani. Uji ulipoletwa, vijiko ishirini na viwili viliingia mpaka chini ya vikombe vikakoroga na kupekua. Mkate ulikatwakatwa vipande vidogo na kukaguliwa pande zote. Mvulana wa tango aliyanusa maziwa yake, akampa mwenzake ayanuse pia, wakashauriana. Zilipokuja ndizi, walizimenya, wakazipasua katikati kwa urefu, wakazikodolea macho.

"Hakuna samaki ndani ya ndizi!" alisema mzee, uvumilivu ukiwa umemwishia. "Samaki ataingiaje humo?"

"Kwenye viazi aliingiaje?" aliuliza Kipengo, bila kuinua kichwa.

Mwalimu Mkuu alikuwa ofisini na simu, asante Mungu. Mzee alijishika kiuno, tayari kukasirika sawasawa. Ndipo alipomwona Kipengo akiingiza ncha za vidole viwili katikati ya ndizi, taratibu kabisa, na kuvuta kitu. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwiba?" aliuliza jirani yake.

"Hapana. Ni kauzi ka ndizi tu."

Mzee alisogea hatua mbili. Akakaza macho. Akasogea tena mpaka pua ikakaribia vidole vya mtoto, na hapo ndipo alipouona: uzi mwembamba kuliko unywele. Watoto wote wa meza ile walikuwa wameuona tangu mbali.

Alirudi jikoni akaketi juu ya gunia la mchele. Mambo mawili yalimwingia akilini kwa mpigo. La kwanza lilimfurahisha: vidole vile vidogo vinajua kutafuta, na vinapenda kutafuta. La pili lilimtia ubaridi mgongoni.

Jioni alinunua samaki mmoja, akamchemsha, akamchambua kwa uangalifu wa hali ya juu. Akaisukuma sahani mbele ya mkewe. "Msafi kabisa. Hebu tazama."

Mkewe alivaa miwani. Alikuwa anashona suruali nyeusi, na mguu mmoja wa suruali ulikuwa umetandazwa mezani. Akapitisha vidole ndani ya minofu, akatoa mwiba, akauweka juu ya kitambaa cheusi. Akatoa wa pili. Alipofika wa tano, mzee alikuwa ameshika kichwa.

"Za Jumatatu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilizichambua mwenyewe zile. Watoto wote ishirini na wawili, mama. Na hakuna aliyepatwa na kitu."

"Mungu alikuwa macho," alisema mkewe, "maana wewe hukuwa nayo. Mwaka wa tatu huu nakwambia ukapime."

"Nilidhani vidole vyangu vinaona."

"Basi vipeleke navyo vikapimwe."

Alisema hivyo, lakini alimwekea mkono begani na hakuuondoa upesi. Mzee aliitazama ile miba mitano, myeupe, inayoonekana waziwazi juu ya weusi hata kwa macho yake mabovu. Akamuuliza kama ana vipande vingine vya kitambaa kile.

Jumatano alfajiri alimngoja Mwalimu Mkuu getini na kumwambia yote. Kuhusu viazi vilivyokuwa na samaki, kuhusu vichwa kwenye beseni, kuhusu macho yake. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mwalimu Mkuu alisikiliza akiwa ameshika funguo zake, na kwa kila sentensi alizidi kuzikaza.

"Kwa hiyo Jumatatu watoto wangu walikula samaki aliyechambuliwa na mtu asiyeona."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na leo unaomba nikuruhusu tena."

"Leo sichambui peke yangu. Na leo hakifichwi kitu."

Alimweleza mpango wake. Mwalimu Mkuu alizihesabu funguo zake moja moja, mpaka baiskeli mbili na mama mmoja mwenye ndoo wakapita.

"Nitasimama pale pale," alisema hatimaye. "Kila sahani itapita mikononi mwangu kabla haijaenda motoni. Na yale masharti matatu yako vilevile."

Saa nne, meza za chekechea zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeusi, mabaki ya suruali za shule nzima. Mke wa mzee, miwani puani, alisimama kwenye beseni akinawisha mikono arobaini na minne, na kuirudia ile iliyojifanya imenawa. Kwenye kila meza palikuwa na sahani za samaki aliyechemshwa na kupoa. Hakuwa na kichwa, hakuwa na ngozi, na miba mikubwa ilikuwa imeshatolewa. Mzee alipiga magoti katikati ya chumba, jambo ambalo magoti yake yalilalamikia, ili alingane nao kwa urefu.

"Juzi niliwaambia ni viazi," alisema. "Ndani mlikuwa na samaki. Niliwadanganya. Nisameheni."

"Tumekusamehe," alisema mvulana wa tango, ambaye alikuwa mtu wa kusamehe haraka.

"Na hizi sahani zote ni samaki. Samaki mtupu. Humu ndani kuna miba midogo, na mimi Babu yenu macho yamezeeka. Siioni. Nyinyi mliona kauzi ndani ya ndizi. Nataka wakaguzi wa kunitafutia. Ukiupata mwiba, uweke juu ya kitambaa cheusi tuuone. Hakuna anayelazimishwa kula. Leo ni kazi, si chakula."

Kazi! Neno hilo liliwainua kwenye viti. Mtoto ukimwambia ale, ana shughuli nyingine. Mwambie kuna kazi ya watu wazima, atakusukuma upishe. Vidole viliingia kwenye sahani. Kwanza kwa kuogopa, kidole kimoja kimoja, kisha vyote. "Ni baridi!" "Anateleza!" Halafu kutoka meza ya dirishani ukatoka ukelele, "Nimeupata! Nimeupata mwiba!" na chumba chote kikasimama kwenda kuutazama, umelala peke yake juu ya weusi, mdogo na mweupe. Baada ya hapo ikawa mashindano. Miba ilipangwa mistari. Ilipimwa urefu. Mwiba mmoja wenye ncha mbili kama uma ulipewa ulinzi. Na katikati ya kazi, mzee aliona kwa pembe ya jicho kidole kikienda mdomoni na kurudi, kisha kingine kikifanya hivyohivyo, bila yeyote kuambiwa, na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akizunguka na kupapasa kila sahani iliyokwisha kukaguliwa, alijifanya anatazama dari.

Kipengo pekee hakukaa. Alisimama ukutani, mikono nyuma, mdomo umefungwa kabisa.

Mzee hakumwita. Ilimgharimu, lakini hakumwita. Alivuta kiti kidogo kisichomtosha, akachukua sahani yake mwenyewe, akachambua. Alichambua kwa muda mrefu, uso karibu ugusane na samaki. Alitoa miba sita. Akapapasa tena, akageuza kila kipande, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii imekwisha," alimwambia Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amefika nyuma yake. "Hii ni safi."

Viatu vidogo vikasogea. Kipengo alikuwa amesimama kando ya kiti. Aliinama juu ya sahani, mikono bado nyuma, akaikagua kama anavyokagua mtu anayejua ameshawahi kudanganywa. Kisha mkono mmoja ukatoka nyuma. Vidole viwili vikaingia kwenye kipande cha katikati, vikangoja, vikavuta.

Ulikuwa mrefu kama kijiti cha kiberiti.

Mzee alimwona Mwalimu Mkuu akiuona. Kwenye sahani aliyoiapia mwenyewe, mbele ya mtoto yuleyule! Basi, aliwaza, nitairudisha aproni leo hiihii, na sufuria nitalibeba kichwani nikirudi nyumbani.

"Babu!" Kipengo aliuinua mwiba juu kabisa, na pengo lake likaonekana lote. "Huyu hapa! Alikuwa amejificha! Nimemkamata!"

Akakimbia nao kuzunguka meza zote tatu. Alimwonyesha mke wa mzee, aliyevua miwani na kuivaa tena kwa heshima ya tukio. Aliporudi aliulaza kwenye kitambaa cheusi mbele ya mzee, akavuta kiti cha pili, akakaa kando yake bega kwa bega.

"Wewe huoni kabisa," alimwambia, si kwa ubaya. "Lete. Nakufanyia."

Akaipekua sahani yote upya, ulimi umejitokeza kwenye pengo. Hakupata mwingine. Mwalimu Mkuu alipitisha mkono wake baada ya Kipengo, akaitikia kwa kichwa, na sahani zote zikaingia kwenye sufuria kubwa la ujenzi pamoja na viazi, kitunguu, mayai na chenga za mkate. Hapakuwa na pilipili; mkewe alisimama mlangoni kuhakikisha. Kila mtoto alipewa donge lake alifinyange atakavyo. Palifinyangwa magari, mwezi, kiatu, na nyoka mmoja mnene. Mvulana wa tango alimfinyanga samaki, akamtoboa jicho, akasema anamsalimia Babu.

Mzee alivikaanga vyote jikoni, akihakikisha kila kimoja kinamrudia mwenyewe, maana alikwishajua sasa hawa ni watu wa aina gani. Vilipopoa kidogo alivipeleka mezani, na mezani hapakuwa na kilio wala swali. Palikuwa na kelele za kutafuna na watu wanaoomba kubadilishana kiatu kwa gari.

Cha Kipengo kilikuwa duara tu. Alikuwa hajakigusa. Mzee alikaa tena kwenye kile kiti kidogo, mikono imebana magotini, akajilazimisha kutazama dirishani. Moyo wake ulikuwa unadunda kama wa bwana harusi.

Kipengo alikipasua kile chake vipande viwili. Akakifungua kimoja, akapitisha vidole ndani taratibu, mwanzo mpaka mwisho, akakigeuza, akapitisha tena. Aliporidhika alikisukuma kwenye sahani ya mzee.

"Kula, Babu," alisema. "Nimekuchambulia."

Mzee alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyemwambia neno hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akipikia watu. Alikichukua kile kipande, akakiweka mdomoni, na macho yake mabovu yakajaa maji mpaka hakuona kitu kabisa.

Kipengo alimtazama koo kwa makini mpaka alipomeza. "Kuna mwiba?"

"Hamna," alisema mzee. "Hamna hata mmoja."

Ndipo Kipengo alipokichukua kipande chake, akala, akalamba kidole, akauliza kama Babu ana mpango wa kukaanga vingine au ndiyo basi.

"Mwalimu!" aliita mvulana wa tango kutoka meza ya pili. "Babu Sufuria analia!"

Mzee akajifuta harakaharaka kwa aproni na kumgeukia Mwalimu Mkuu kwa wasiwasi, kwa kuwa sharti la kilio alilikumbuka vizuri. Mwalimu Mkuu naye alikuwa ameshika kipande cha kiatu cha mtu, amekila nusu.

"Nilisema mtoto asilie," alisema. "Babu anaruhusiwa."

Akamaliza kile kiatu, akapangusa vidole, akaenda jikoni kwenye ubao na kufuta Maharage.